Kutuma nguo za mtumba ulizouza mtandaoni ukiwa Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia kufua mpaka mteja apokee

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Dada, mi nauza vizuri tu hapa mjini ila mikoani naogopa kutuma, mzigo ukipotea nafanyaje?" Swali zuri na nalielewa. Mi nauza mtumba kwa simu nikiwa hapahapa Dodoma, huu mwaka wa tano, nguo za kike zaidi na makoti kidogo. Mizigo iliyopotea kabisa ni miwili, ila iliyopitilizwa, iliyofika inanuka, iliyopokelewa na mtu asiyehusika, hiyo sihesabu tena. Na kitu nilichokuja kugundua ni kwamba mzigo haupotei barabarani. Basi likiwa linatembea mzigo uko zake kwenye buti umetulia. Unapotea pale unapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine: wewe unampa boda, boda anampa wa ofisini, wa ofisini anampa konda, konda anampa wa ofisi ya kule, yule ndo anampa mteja. Kila mkono ukiacha alama, iwe picha, risiti au namba ya simu, mzigo utapatikana hata kama umechelewa. Mkono mmoja ukikosa alama hapo unaanza kupigiana simu na watu usiowajua. Haya yote ninayoandika hapa, hata yale ya kufua na kupima, yanaishia hapohapo.

Hatua ya 1: chagua nguo inayosafirika

Mzigo wangu nautoa Sabasaba, mara nyingine kwenye lile soko la machinga, na Jumamosi nikijaliwa naenda mnada wa Msalato (nyama ni lazima, ila nakula baada ya kuchagua, ukianza na nyama wenzako wanamaliza nguo nzuri). Mara mojamoja nashuka Karume Dar belo (marobota ya mtumba) zikifunguliwa alfajiri. Kote huko nguo ikiwa mkononi najiuliza je, hii nikiikunja ikakaa buti siku mbili chini ya gunia la mtu itafika ikiwa nguo?

Kuna nguo nzuri kwenye henga ila hazifai kusafiri. Zenye shanga zinazoning'inia, zenye mabega ya sponji yaliyoanza kukatika, viatu ambavyo soli imeshaanza kuachia. Hizo uza mjini hapa mtu aje ashike mwenyewe. Zinazosafiri bila kelele ni blauzi, magauni ya kitambaa chepesi, suruali za kitambaa, sweta, jinzi. Jinzi ila angalia uzito, moja ya kike inaweza kugonga gramu 600 mpaka 800 wakati tisheti nne hazifiki kilo. Nunua kamzani kale ka kuning'iniza, kanasaidia sana kwenye kupanga bei.

Na nguo za ndani za mtumba achana nazo, TBS, wale wa viwango, walishapiga marufuku miaka mingi, najua ziko sokoni ila usiziweke kwenye ukurasa wako zenye jina lako na namba yako.

Hatua ya 2: fua, kausha, KAUSHA TENA, piga pasi

Nimeandika kausha mara mbili makusudi. Mwaka wangu wa pili nilipata mteja wa Iringa, akachagua sweta tatu nzito za sufu, mwezi wa sita, kule baridi unaijua. Nikafua Jumatano jioni, Alhamisi jua likawaka kama kawaida ya Dodoma, upepo upo, saa nane nikazigusa nikaona zimekauka. Nikapiga pasi, nikafunga vizuri na selotepu kila kona nikijisifu. Kumbe ile shingo ya sweta iliyokunjwa mara mbili, na pindo la chini, ndani yake kulikuwa bado na kaubichi. Mteja alipata dharura akachukua mzigo Jumatatu. Voisi noti aliyonitumia sijaifuta mpaka leo, anasema "dada umenitumia nguo au umenitumia dagaa?" Nilirudisha hela yote na nauli juu.

Tangu hapo nguo nzito inakaa kambani siku mbili. Kisha naigeuza ndani nje, nabana shingo, pindo na ndani ya mifuko kwa vidole viwili, halafu naweka shavuni. Shavu linahisi ubaridi ambao mkono hauusikii. Nikisikia ubaridi inarudi kambani, hata mteja awe ananipigia simu.

Ile harufu ya belo haitoki kwa sabuni peke yake. Mi naloweka kwenye maji yenye siki kidogo nusu saa kabla ya kufua, halafu naanika kivulini penye upepo, sio juani, maana jua la hapa linapausha nguo nyeusi ndani ya siku moja. Ila angalia upepo wa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, vumbi lake jekundu likikukamatia nguo nyeupe mbichi utaifua upya. Anika nyeupe asubuhi mapema, saa nne toa.

Pasi piga nje na ndani hasa kwenye mishono. Usikunje nguo ikiwa bado ya moto, ule mvuke unabaki ndani na umerudi kulekule kwa dagaa.

Hatua ya 3: pima kwa tepu, usiamini lebo ya shingoni

Hapa ndo asilimia kubwa ya ugomvi inaanzia na watu wanadhani ni mambo ya usafiri. Lebo ya Uingereza ikiandika 12, ya Marekani hiyohiyo ni 8, na ya Ulaya bara itaandika 40, sasa mteja wa Singida anajua yeye anavaa "L" basi. Isitoshe nguo imeshafuliwa na mtu mwingine miaka mitatu, imeshanywea. Lebo hiyo inakuambia ilikuwa saizi gani zamani.

Tandika nguo mezani, chukua tepu ya fundi, pima kwapa hadi kwapa, kiuno upande hadi upande, hipsi, na urefu kuanzia begani. Andika inchi. Halafu mwambie mteja hivi: "chukua nguo yako inayokukaa vizuri, ilaze kitandani, pima kama mimi nilivyopima." Usimwambie ajipime mwili, watu wanajipima wakiwa wamevuta tumbo ndani.

Kasoro piga picha kwa karibu, weka kidole pembeni ili ukubwa wa doa uonekane. Zipu imechoka sema imechoka. Mteja akiijua kasoro kabla ya kulipa huwa anacheka tu anasema "nitaipeleka kwa fundi", akiikuta mwenyewe umekuwa tapeli.

Kila nguo ipe namba, mi naandika kwenye kikaratasi nakibana na pini, D14, D15 hivyo. Mteja akisema "nataka lile gauni la maua" una magauni kumi na moja ya maua. Akisema D14 hakuna mjadala.

Hatua ya 4: oda na hela

Mteja akishasema nachukua, kabla hata hujampa namba ya malipo, omba vitu vinne kwa meseji moja: jina la kwenye kitambulisho, namba ya simu itakayokuwa hewani siku ya mzigo kufika, mji na eneo anapokaa, na ofisi ya basi iliyo rahisi kwake. Jina la kwenye kitambulisho nasisitiza kwasababu WhatsApp anaitwa "Mama Junior" au "Queen wa Yesu", ukiandika hilo kwenye mzigo akifika ofisini wanamwambia lete kitambulisho, jina halifanani, mzigo haumpati, lawama kwako.

Kwa mikoani hela inakuja yote kabla. Sina njia nyingine, basi halikusanyi hela kwa niaba yako. Mteja mgeni anayeogopa namwambia anza na nguo moja ya bei ndogo, au namfanyia video laivu nikiwa na nguo mkononi, au kama ana ndugu Dodoma aje aione. Asiyekubali yote hayo namwacha kwa amani.

Bei ya nguo na nauli vitenganishe kwenye meseji. "Gauni 15,000, nauli ya basi 5,000, jumla 20,000, tuma na ya kutolea." Usipoandika na ya kutolea utaletewa 20,000 kavu na makato yanakula kwenye faida yako, nguo mbili haijalishi ila kwa mwezi unaumia. Ukiwa na lipa namba ni nafuu zaidi.

Meseji ya malipo usiiamini, amini salio. Wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamehamia kwenye biashara zetu, wanatengeneza meseji inayofanana kabisa na ya mtandao, ina jina lako na kumbukumbu namba, ila imetoka namba ya kawaida. Ingia kwenye menyu angalia salio mwenyewe. Akikuharakisha kwamba basi linaondoka, ndo uzidi kwenda taratibu.

Kitu kingine kinachookoa nauli: kapu. Nguo moja na nguo tatu nauli ya basi mara nyingi ni ileile, kwahiyo mteja akichukua moja namuuliza "nikuwekee kapu?" Analipia ile moja, naitunza siku saba na jina lake, akiongeza nyingine zinakwenda pamoja. Wengi huishia nguo nne. Wanafunzi wa UDOM, chuo kikuu cha hapa, wanalipenda sana hili boom (hela ya mkopo) likitoka, wanawatumia mama zao huko kwao kwa mzigo mmoja.

Hatua ya 5: kufunga

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo usinifungie nguo kwenye rambo nyeusi uliyoificha kabatini ukaipeleka stendi. Mi natumia vitu vitatu. Kwa nguo moja mpaka tatu, karatasi ya kaki ndani halafu mfuko mbadala juu. Kwa nguo nne mpaka kumi, boksi, yale ya biskuti au sabuni ya unga unapewa dukani kwa 500 au bure ukiwa mteja wao. Kwa jumla, pisi 20 kwenda juu, salfeti iliyoshonwa mdomo kwa sindano ya gunia.

Na ule mfuko wa juu wa belo usiutupe! Mgumu, unazuia vumbi na manyunyu, mi naukata vipande nafunikia maboksi kuanzia Desemba mvua zikianza mpaka zikate.

Sasa kukunja. Nguo za kitambaa chepesi nazibiringisha kama mkeka hazipati mikunjo, jinzi na makoti nakunja bapa yakae chini kabisa. Nyeupe haigusani na nyekundu wala na jinzi ambayo rangi yake bado mpya, weka karatasi katikati, sio gazeti maana wino wa gazeti unahamia kwenye nguo. Gazeti lijaze ndani ya viatu, hapo sawa. Kifungo kikubwa cha chuma kifunge na ukizungushie kitambaa ili kisikwaruze. Toa hewa kwa kukalia mzigo, ndio, kaa juu yake, ukishuka piga selotepu harakaharaka.

Kabla ya selotepu kuna video. Naegemeza simu kwenye chupa ya chai, nawasha, naonyesha namba ya nguo D14, naikunjua mbele na nyuma, naonyesha ile kasoro tuliyokubaliana, naiweka ndani, nafunga, naonyesha lebo, yote bila kukata. Dakika mbili. Video namtumia mteja hapohapo. Siku akisema "umenitumia nguo ina tobo" tunarudi kwenye video wote wawili, na mara moja iliwahi kunionyesha kweli mimi ndo mwenye kosa, nilimwekea D41 badala ya D14, sikuwa na la kubisha.

Hatua ya 6: lebo mbili

Andika kwa maka peni kwenye karatasi nyeupe, herufi kubwa, namna hii:

KWENDA: SINGIDA MJINI
JINA: (la kwenye kitambulisho)
SIMU: mbili
KUTOKA: DODOMA, jina lako, simu yako
MZIGO 1 KATI YA 1

Kama ni mabegi mawili andika 1 kati ya 2 na 2 kati ya 2, usipoandika moja litabaki na hakuna atakayeshtuka. Funika karatasi yote kwa selotepu pana, maandishi ya maka yakipata jasho la mpakiaji yanafutika. Lebo ya pili, hiyohiyo, iweke NDANI juu ya nguo. Ya nje ikibanduka, mtu akifungua anakuta mwenyewe ni nani. Mzigo wangu mmoja kati ya ile iliyopotea haukuwa na ya ndani, na ndio ulionifundisha.

Thamani usiandike nje, wala "nguo nzuri" wala nini. Andika "nguo" tu.

Hatua ya 7: stendi ya Nzuguni

Mi natuma Jumanne na Ijumaa tu. Wateja wanalijua, oda ya baada ya saa sita mchana inasubiri safari inayofuata. Zamani nilikuwa naenda stendi kila siku na kifurushi kimoja, bodaboda inakula faida yote nikawa nafanya kazi ya boda.

Stendi kuu iko Nzuguni karibu na soko la Job Ndugai, ukitokea katikati ya mji sio mwendo wa mguu. Fika na mizigo yako yote kwa pamoja. Wapiga debe watakuvamia pale nje, "dada mzigo wa wapi, lete nikupakilie", usimpe mtu yeyote asiye nyuma ya dirisha la ofisi. Hata akiwa amevaa sare. Sare siku hizi kila mtu anayo.

Ofisini fanya hivi. Kwanza uliza basi linaondoka saa ngapi na linafika saa ngapi, na useme asubuhi au usiku kabisa, maana siku hizi mabasi yanatembea usiku na "saa tatu" inaweza kuwa yoyote, mteja wangu alishawahi kukaa stendi tangu saa tatu usiku akisubiri mzigo wa saa tatu asubuhi. Pili uliza wanashushia ofisi ipi. Kwa Dar hili ni kubwa, kuna wanaoshusha stendi ya Magufuli kule Mbezi, kuna wenye ofisi Shekilango, na mteja wa Mbagala ukimpeleka Mbezi nauli yake na foleni atakuchukia. Tatu lipa, chukua risiti, na isome palepale dirishani. Soma jina, soma namba ya simu tarakimu moja moja kwa sauti. Wanaandika harakaharaka, 6 inakuwa 0. Nne piga picha risiti ikiwa JUU ya mzigo, vyote kwenye picha moja. Tano omba namba ya gari na namba ya simu ya ofisi ya kule inakokwenda, sio ya Dodoma pekee.

Nauli za vifurushi zinatofautiana basi na basi. Kifurushi kidogo mi huwa nalipa 5,000 hivi, kikubwa 10,000 na kuendelea, uliza siku hiyohiyo. Usichague kwa bei tu, chagua basi ambalo wakikupa namba ya ofisi ya kule ukapiga inapokelewa. Jaribu kupiga ukiwa bado dirishani, kabla hujalipa.

Ukimtuma bodaboda awe mmoja unayemjua, na yeye akutumie picha ya risiti kabla hajaondoka dirishani. Mi wangu nimemzoesha, hela yake ya kwenda na kurudi anaipata picha ikiingia.

Miji ya njiani ndo mtihani

Kondoa, Babati, Singida, Iringa, Morogoro, huko kuna ofisi, hakuna shida. Shida ni Gairo, Kibaigwa, Bahi, Manyoni, Ikungi, pale basi la safari ndefu linaposimama dakika mbili.

Niliwahi kutuma kwa mteja wa Manyoni, ni kilomita kama 130 tu kutoka hapa, kwenye basi la kwenda Kanda ya Ziwa. Konda akasema hamna shida nitashusha. Sikuchukua namba yake nikachukua ya ofisi. Basi likafika Manyoni konda kalala, mteja yuko upande wa pili wa barabara anapunga mkono, dereva anadhani abiria, basi limejaa, likapita. Mzigo umeenda mpaka mwisho wa safari. Ulirudi siku ya nne umetobolewa na pembe ya kitanda cha mtu. Konda wala hakuwa mwizi, alilala tu, na mi ndo sikuwa na namba ya kumuamsha.

Kwa hiyo kwa miji ya njiani: tafuta kwanza basi linaloishia hapohapo au basi dogo la wilayani, hata kama linachelewa kuondoka. Likikosekana, chukua namba ya konda mwenyewe na umpigie ukiwa umesimama naye uone inaita mfukoni mwake. Mpe mteja namba hiyo na namba ya gari. Mteja ampigie basi likiwa limebakiza kama nusu saa, na asimame na mtu wa pili. Konda mpe kitu kidogo cha soda, sio rushwa jamani, ni ya kukumbukwa.

Na mteja akisema "kuna ndugu yangu anapanda SGR mchana mpe aniletee", sawa, treni ni haraka kuliko basi, ila hapo mkabidhi ndugu mbele ya picha na mteja akujibu kwa maandishi "nimekubali apewe fulani". Ndugu akisahau mzigo kwenye kiti hiyo sio kesi yako.

Wa hapahapa mjini

Huku lipa ukipokea inawezekana. Nina sehemu mbili za kukutana, Nyerere Square na nje ya soko la Majengo, mchana, penye watu. Kisasa, Ilazo, Area C boda anapeleka. Wanaofanya kazi mji wa serikali nawapelekea Alhamisi kwa mkupuo, makoti na suti za kike zinakwenda sana Bunge la bajeti likianza, na ndio, ule mji unaitwa Mtumba, utani wa "mtumba unaenda Mtumba" nimeshausikia mara elfu, bado nacheka ili niuze.

Posta nayo

Watu wanaidharau. Mteja akiwa wilaya ambayo basi halina ofisi lakini posta ipo, EMS, ile huduma yao ya haraka, inafaa, unapewa namba ya kufuatilia na mzigo unapokelewa kwa saini. Omba S.L.P. au anwani ya makazi yenye postikodi, za Dodoma zinaanza na 41, mteja akisema hajui yake aiangalie kwenye NaPA, ile programu ya simu ya anwani za makazi. Kwa nje ya nchi usifunge kabisa kabla hujafika kaunta, wanaweza kutaka kuona ndani. Utajaza fomu ya forodha, andika nguo zilizotumika, idadi, na bei uliyouzia kweli, na mwambie mteja mapema kwamba kodi ya kwao atadaiwa yeye. Mi nimetuma nje mara chache, nauli inazidi bei ya nguo, labda awe anachukua nyingi.

Ukishatuma usilale

Nina kauntabuku ya kwaya mbili, nimechora safu: tarehe, namba ya nguo, mteja, mji, basi, namba ya gari, nauli, imefika? Hiyo ya mwisho ndo ninayoiangalia asubuhi nikinywa chai. Mteja anapata meseji tatu kutoka kwangu: mzigo umeondoka (na picha ya risiti), mzigo umefika nenda kachukue, na umeupata? Kwenye picha ya risiti ukitaka kuiweka statasi ya kujitangaza, ziba namba ya mteja. Wapo wanaokaa kuzikusanya hizo namba.

Usiulize "umeupata?" ukaridhika na kopa kopa. Muombe apige picha mzigo ukiwa haujafunguliwa, kisha afungue akiwa anajirekodi. Malalamiko napokea ndani ya saa 24 tangu achukue. Kosa likiwa langu, nauli ya kurudi na ya kwenda tena ni yangu. Saizi haikumkaa na vipimo nilimpa, nabadilisha, ila nauli ni yake. Hili nimeliandika juu kabisa ya ukurasa wangu na bado kila mwezi kuna mmoja anasema hakuliona, namtumia skrinshoti.

Wa mwisho ni yule asiyekwenda kuchukua. Amelipa, mzigo umefika, simu hapokei, ofisi wananipigia mimi niuondoe. Siku ya kwanza na ya pili nampigia, siku ya tatu namwandikia kwamba kesho naomba urudishwe Dodoma na nauli ya kuurudisha nitaikata kwenye hela yake. Nguo yake siuzi. Naiweka kwenye kapu na jina lake mpaka mwezi uishe. Sasa hivi kabatini kuna gauni moja la kijani la dada wa Kongwa, limeshaenda na kurudi mara mbili, jana kaniandikia "mpendwa samahani nilikuwa najifungua, tuma tena ila uniongezee na ya mtoto." Linaondoka Ijumaa.